Kazi ya Kulea Wazee Si Fedheha, Wala Si Sadaka

Katika vikao vya ukoo, kwenye mabaraza ya kahawa na katika makundi ya WhatsApp, kuna kauli moja inayofunga kila mazungumzo kuhusu kijana aliyekwenda Uingereza, Marekani au Kanada: "Kumbe ameishia kuosha vizee." Ikishasemwa, hakuna anayeuliza zaidi. Husemwa na wajomba na mashangazi wenye heshima zao, na wazazi waliouza shamba ili mtoto asome, na wanasiasa wanaotaka vijana wabaki nyumbani bila kuwaeleza watabaki wakifanya nini. Nimekuwa mlezi katika nyumba ya wazee Uingereza kwa muda wa kutosha kuisikia kauli hii kutoka kwa watu ninaowapenda. Naamini ni kauli mbaya. Inapotosha kazi yenyewe, inawaumiza wanaoifanya, na inawaumiza wazee, wa huko na wa kwetu.

Niieleze kwanza kama wenyewe wanavyoiamini. Wanasema kazi hii haihitaji ujuzi: ni kulisha, kuogesha na kubadilisha nepi, mambo ambayo msichana aliyeishia darasa la saba anayafanya nyumbani kila siku. Wanasema nyumba za wazee zimezaliwa na jamii iliyowatupa wazazi wake, na kwamba sisi hatuzihitaji kwa sababu wazee wetu wanakaa na watoto wao. Wapo wanaosema, kwa nia njema kabisa, kwamba ni kazi ya wito na malipo yake yako kwa Mungu. Na juu ya yote wanasema inamshusha mtu, hasa aliyesoma. Kwamba mhasibu, au muuguzi aliyefuzu Muhimbili, kusafisha kinyesi cha mtu asiye ndugu yake ni kuanguka. Nitazijibu hoja zote nne, pamoja na ile ya wito, ambayo wenyewe hudhani inatutetea. Hiyo imetugharimu kuliko matusi.

1. "Mtu yeyote anaweza"

Siku yetu huanza saa moja na nusu asubuhi kwa makabidhiano. Walezi wa usiku wanawaeleza wa mchana nani hakulala, nani alianguka, nani amekunywa maji kiasi gani tangu jana, nani hajapata choo kwa siku ya tatu, nani ana alama kisiginoni. Kila jambo hapo linabadilisha kazi ya siku. Bibi aliyekuwa akiongea vizuri juzi, na leo asubuhi anamwona marehemu mumewe amesimama mlangoni, huenda ugonjwa wake wa kusahau haujazidi hata kidogo. Kwa mtu wa umri ule, maambukizi ya njia ya mkojo yanaweza kujionyesha kwa kuvuruga akili tu, bila homa na bila kulalamika maumivu. Daktari hayupo pale. Katika nyumba za kawaida za wazee, zile zisizo za uuguzi, hata muuguzi hayupo. Anayegundua ni mlezi, kwa sababu ndiye anayejua bibi huyu huongeaje siku zote. Akikosea kwa siku mbili, maambukizi yanaweza kufika kwenye damu.

Chukua kikombe cha chai. Mzee aliyepigwa na kiharusi anaweza kushindwa kumeza vitu vyepesi. Chai ya kawaida inampitia njia ya hewa, inaingia mapafuni, na baada ya siku chache ana nimonia. Kwa hiyo vinywaji vyake hukorogewa unga maalumu wa kuvifanya vizito, tena kwa kipimo. Upo utaratibu wa kimataifa wa ngazi za uzito wa vinywaji na ulaini wa chakula, kuanzia 0 hadi 7. Mlezi anatakiwa kujua nani yuko ngazi ipi, aketishwe vipi, kijiko kijae kiasi gani, na kusubiri kuona koo limeteremka kabla ya kupeleka kijiko kingine. Anayelisha haraka kwa sababu wako wengine wanaosubiri anaweza kumuua mtu kwa uji.

Ngozi nayo ni elimu nzima. Mtu asiyeweza kujigeuza kitandani, nyama yake inabanwa kati ya mfupa na godoro mpaka damu haipiti, na inaanza kufa ndani kabla haijafunguka nje. Vidonda vya kulalia vinaweza kufika mfupani, na vinaua. Mlezi anamgeuza mtu huyo kila baada ya saa mbili, tatu au nne, kulingana na hali yake, mchana na usiku, na kila mgeuzo unaandikwa. Anakagua chini ya mgongo, nyonga, visigino, viwiko, hata masikio. Akiona wekundu anaubonyeza kwa kidole: ukififia, damu bado inapita, usipofifia, kidonda kimeshaanza. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huo hauonekani kirahisi, inabidi utafute joto, ugumu, au sehemu iliyozidi weusi, na mafunzo mengi yamejaa picha za ngozi nyeupe. Walezi wengi tuliotoka Afrika tumejikuta tukiwafundisha wenzetu jambo hili kitandani kwa mgonjwa.

Kisha kuna hoisti, mashine ya kumwinua mtu kutoka kitandani. Huendeshwa na watu wawili, na mbeleko yake ina saizi. Ikiwa kubwa mtu anateleza, ikiwa ndogo inamkata mapajani. Kuna wagonjwa wa Parkinson ambao dawa yao ikichelewa nusu saa wanakakamaa, hawawezi kuinua kikombe wala kugeuza shingo, kwa hiyo saa ya dawa kwao si jambo la kukadiria. Na kuna ugonjwa wa kusahau, ambao ndio sehemu kubwa ya kazi yetu na ndio watu wa nje wanaouelewa kidogo zaidi.

Bibi wa miaka tisini anamtafuta mama yake jioni. Asiyefundishwa anamwambia ukweli: "Mama yako alishafariki zamani." Bibi anapokea taarifa ya msiba, analia kama aliyefiwa leo, baada ya robo saa anasahau, anaanza kumtafuta tena, na anaambiwa tena. Mlezi anayejua kazi yake anaketi naye na kumuuliza mama alikuwa akipika nini, alikuwa akiimba nyimbo gani, na polepole hofu inashuka. Babu anampiga ngumi kila anayejaribu kumwogesha. Familia inaambiwa ni mkali. Ukikaa upande wake unaona jambo jingine: mtu asiyemjua ameingia chumbani asubuhi na mapema, anaanza kumvua nguo. Nani asingepigana? Mlezi anajitambulisha, anafunga mlango, anampa kitambaa cha uso akishike mwenyewe, anamfunika taulo kila sehemu isiyooshwa kwa wakati huo, anamweleza kila hatua kabla ya kumgusa. Kazi hiyo inachukua dakika arobaini badala ya kumi, na babu anatoka ameoga bila kupigana na mtu.

Uingereza yenyewe iliwahi kukiri kwamba haya yanafundishwa. Baada ya kashfa ya huduma mbovu katika hospitali za Mid Staffordshire, mwandishi wa habari Camilla Cavendish alipewa kazi ya kuchunguza hali ya wasaidizi wa wauguzi na walezi, na ripoti yake ya 2013 ndiyo iliyoleta cheti cha msingi cha ulezi, kilichoanza Aprili 2015 kikiwa na viwango 15. Lakini cheti hicho hakikufanywa sharti la kisheria, na mlezi akihama mwajiri mara nyingi huanzishwa upya kana kwamba hajui kitu. Mjomba anayesema mtu yeyote anaweza hayuko peke yake basi. Serikali tajiri inaamini hivyo hivyo, na ndivyo inavyolipa.

2. "Kwetu wazee hawatupwi"

Hoja hii inapendwa sana, na ndiyo inayoficha mengi zaidi.

Nyumba za wazee tunazo. Tanzania Bara kuna Nunge huko Kigamboni, Kolandoto Shinyanga, Bukumbi Mwanza, Fungafunga Morogoro, na nyingine zinazoendeshwa na serikali na mashirika ya dini. Baadhi zilianza kama makazi ya wagonjwa wa ukoma. Zanzibar kuna Sebleni na Welezo. Nairobi masista wa Kikatoliki wanaendesha Nyumba ya Wazee. Wanaoishi humo ni wazee wetu, wana majina ya koo zetu. Baadhi yao hawakuachwa kwa umaskini tu. Katika mikoa ya Kanda ya Ziwa na ya magharibi, wanawake wazee wamekatwa mapanga kwa kushukiwa uchawi kwa sababu macho yao ni mekundu, macho yaliyobabuliwa na moshi wa jiko la kuni na samadi walilopikia wajukuu. Wengine wamekimbia vijiji vyao kuokoa maisha. Jamii ambayo ndani yake bibi anamkimbia mjukuu wake haina haki ya kusimama mbele ya dunia na kusema kwetu wazee hawatupwi.

Lakini tuseme hao ni wachache, na tuwaangalie walio wengi. Sensa ya 2022 ilihesabu Watanzania 61,741,120, na watu wa miaka 60 na zaidi walikaribia milioni tatu na nusu. Ni kweli kwamba karibu wote wako majumbani. Swali ambalo wapenzi wa hoja hii hawaliulizi ni nani anayewalea huko majumbani.

Nitajibu kwa ninachokijua. Bibi amepata kiharusi kijijini. Watoto wanakutana, wanaamua aletwe Dar es Salaam kwa yule mwenye nyumba yenye vyumba vya kutosha. Mwenye nyumba anatoka saa kumi na moja alfajiri kuwahi foleni na anarudi usiku. Mkewe vilevile. Anayebaki na bibi ni dada wa kazi. Aliletwa kutoka Singida au Iringa kupika, kufua na kuangalia watoto. Ana miaka kumi na sita, kumi na saba. Sasa ameongezewa mtu mzima asiyeweza kusimama. Mshahara haujaongezwa. Hakuna aliyemfundisha kumgeuza bibi, hivyo anamvuta kwa mkono, na ngozi ya mgongoni inachubuka. Hakuna aliyemwambia kuhusu kumeza, hivyo anampa uji akiwa amelala, na bibi anakohoa kila siku mpaka anapata nimonia, na kwenye msiba tunaambiwa umri ulikuwa umeshakwenda. Kidonda kikianza kunuka, anayelaumiwa ni yeye.

Huyo dada ndiye mlezi wetu. Anafanya kazi ileile ninayoifanya mimi, bila mwenzake wa pili, bila hoisti, bila glavu, bila zamu kwisha. Amri ya mishahara iliyoanza kutumika Januari 2023 iliweka kima cha chini cha mfanyakazi wa ndani anayeishi kwa mwajiri wa kawaida kuwa shilingi 60,000 kwa mwezi, na kila mmoja wetu anajua nyumba ambazo hata hiyo haikutolewa. Kisha familia inapiga picha na bibi sikukuu ya Idi au Krismasi na kusema sisi si kama Wazungu.

Pale ambapo hakuna dada wa kazi, kuna binti. Mara nyingi ni yule asiyeolewa, au aliyeachika, au mwenye biashara ndogo ambayo ndugu zake hawaihesabu kuwa kazi. Anafunga genge lake na kurudi kijijini "kumwangalia mama." Kaka zake wanatuma pesa kwa simu, na kwenye kikao cha ukoo wanaotajwa ni waliotuma. Yeye anapoteza mtaji, wateja, na miaka ambayo angejijenga. Mama akifa anabaki bila kitu, na katika mgawanyo wa nyumba anakumbushwa kwamba yeye alikuwa anakaa bure. Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 iliitaja familia kuwa ndiyo tegemeo la kwanza la mzee. Ndani ya hiyo familia kuna mwanamke mmoja, na sera haikumwekea chochote. Zanzibar angalau ilianza Aprili 2016 kumlipa kila mzee wa miaka 70 na zaidi pensheni ya shilingi 20,000 kwa mwezi. Kilikuwa kiasi kidogo, lakini kililipwa kwa kila mzee bila kuulizwa aliwahi kuajiriwa na nani.

Kuhusu hao Wazungu wanaodaiwa kuwatupa wazazi, nimewaona wakija. Wengi wa wanaoingia katika nyumba yetu wana zaidi ya miaka themanini, na wengi wamelelewa kwanza nyumbani na mume, mke au binti, kwa miaka, mpaka mlezi huyo naye akaumwa mgongo au akapoteza usingizi kabisa. Nimemwona mume akilia kwenye maegesho ya magari kwa sababu mkewe alikuwa akitoka nje usiku wa manane kwenye baridi na yeye hakuwa na nguvu tena ya kumzuia. Wapo wasiotembelewa na mtu, ndiyo. Kwetu nao wapo, ndani ya nyumba zenye watu kumi.

3. "Ni wito"

Wanaosema hivi hutubariki. Wanasema si kila mtu ana moyo huo, kwamba Mungu anaona. Nawaomba waangalie baraka hiyo imetumika vipi.

Februari 2020 serikali ya Uingereza ilitangaza mfumo mpya wa uhamiaji baada ya kujitoa Umoja wa Ulaya, na ikasema hakutakuwa na visa kwa kazi za ujuzi mdogo. Walezi tulihesabiwa humo. Mwezi uliofuata, Machi, korona ikaenea, na walezi walewale tukaorodheshwa kuwa wafanyakazi muhimu ambao nchi haiwezi kukaa bila wao. Tarehe 17 Machi hospitali za England ziliagizwa kuwatoa haraka wagonjwa waliokuwa tayari kuruhusiwa ili vitanda vipatikane. Kati ya siku hiyo na 15 Aprili, watu wapatao 25,000 walitolewa hospitalini na kupelekwa kwenye nyumba za wazee bila sharti kwamba kila mmoja apimwe kwanza. Aprili 2022 Mahakama Kuu iliamua kwamba utaratibu huo ulikuwa kinyume cha sheria, kwa sababu serikali haikuzingatia hatari ya watu wasio na dalili kuwaambukiza wazee. Wakati hukumu inatoka, wazee waliokufa kwa korona walishazikwa, na baadhi ya walezi pia.

Katika majuma hayohayo, kila Alhamisi saa mbili usiku, nchi nzima ilisimama milangoni na kutupigia makofi. Mlezi aliyeugua akabaki nyumbani alilipwa, katika nyumba nyingi, kima cha sheria tu cha malipo ya ugonjwa: pauni 95.85 kwa wiki. Hiyo haitoshi kodi ya chumba. Matokeo yake ni kwamba mtu mwenye kikohozi alijilazimisha kwenda kazini, kwa sababu asipokwenda watoto hawali, na huko kazini akawapelekea ugonjwa watu aliowapenda. Makofi hayakumpa siku hata moja ya kupumzika yenye malipo.

Hivi ndivyo wito unavyofanya kazi. Ukishaitwa mtu wa moyo, kudai saa za ziada kunaonekana ni uchoyo. Ukikataa zamu ya nne mfululizo unaulizwa nani atamlisha bibi. Ukisema usiku mko wawili kwa watu wengi mno, unajibiwa kwamba sheria ya England inadai wafanyakazi "wa kutosha" na haitaji idadi. Unabaki na dhamiri yako, nayo inatumika kama bajeti ya nyumba nzima. Mkataba wa mwenzetu mmoja ulikuwa wa saa sifuri: wiki moja anapewa zamu sita, wiki inayofuata mbili, kodi ileile. Aliambiwa ana kipaji.

Muuguzi ana moyo pia. Rubani ana wito tangu utoto. Hakuna anayemwambia rubani akubali kima cha chini cha mshahara kwa sababu anapenda kuruka. Nami sitaki kulipwa kwa sifa. Nataka kazi yenye mafunzo yanayotambuliwa popote niendako, mshahara unaopanda kadiri ujuzi unavyoongezeka, na watu wa kutosha kwenye zamu ili mzee alishwe bila haraka. Hayo ndiyo yanayompa bibi usalama. Moyo wangu nitakuja nao, lakini hauwezi kumwinua mtu wa kilo tisini peke yake.

4. "Ni aibu"

Nimeiacha hii ya mwisho kwa sababu ndiyo mama wa hizo nyingine.

Kwetu anayeosha maiti anaheshimiwa. Waislamu tunajua uzito wa josho, na familia ya Kikristo haimkabidhi marehemu wake kwa mtu yeyote tu. Wazee wanatukumbusha kwamba mwosha huoshwa. Basi nieleweshwe: kumwosha aliyekufa, ambaye hasikii baridi wala haya, ni heshima, kumwosha aliye hai, anayetetemeka, anayeona aibu ya kuvuliwa, anayekushukuru au kukutukana, kunakuwaje fedheha? Mwili ni uleule. Wanaoishika hoja hii hawajawahi kunijibu swali hilo.

Wanakimbilia elimu. Wanasema si kazi mbaya, ila si ya mtu mwenye shahada. Ni kweli muuguzi aliyefuzu Tanzania au Kenya akifika Uingereza hawezi kuanza kama muuguzi mpaka athibitishe ujuzi wake wa lugha na afaulu mtihani wa nadharia na mtihani wa vitendo, na njia hiyo ina gharama. Wengi wanafanya kazi ya ulezi wakati wakisubiri, na wengine wanasubiri mpaka wanachoka. Huo ni upotevu wa ujuzi, na nchi iliyowasomesha ina haki ya kulalamika. Lakini lawama hiyo iende kwa mfumo wa usajili na kwa serikali zetu zinazofundisha wauguzi kisha kuwaacha mitaani bila ajira. Kumzomea aliyepata kazi halali ya kumlisha mzee hakumrudishi wodini.

Gharama kubwa ya aibu hii iko kwingine. Mtu aliyefundishwa kuona haya kwa kazi yake haisemi. Anawaambia wa nyumbani yuko "hospitali," au "ofisini." Hawezi kumuuliza binamu aliyetangulia: huko mwajiri wako ni wa kweli? Ulilipa nini? Mkataba una saa ngapi? Ukimya huo ndio mtaji wa mawakala.

Februari 2022, baada ya upungufu wa wafanyakazi kuwa mkubwa (hesabu ya mwaka huo ilionyesha nafasi 165,000 zilizo wazi katika huduma za ulezi England), Uingereza ilifungua visa kwa walezi kutoka nje. Maelfu waliomba, Waafrika wakiwa wengi. Visa hiyo ilimfunga mtu kwa mwajiri mmoja aliyemdhamini. Mwajiri akipoteza leseni ya udhamini, mfanyakazi anapewa siku 60 kupata mdhamini mwingine au kuondoka. Mawakala wakauza vyeti vya udhamini kwa maelfu ya pauni, ingawa gharama ya cheti ni ya mwajiri. Watu wakauza viwanja, wakakopa kwenye vikoba, wakafika na kukuta kampuni haina mzee hata mmoja wa kulea. Kati ya Julai 2022 na Desemba 2024 serikali ya Uingereza ilifuta leseni za wadhamini zaidi ya 470 katika sekta hii, na wafanyakazi zaidi ya 39,000 walikuwa wamehusishwa nao. Tangu 11 Machi 2024 mlezi mpya hakuruhusiwa tena kwenda na mume, mke au watoto.

Nimewajua watu wa kundi hilo. Walilala wanne chumba kimoja. Walifanya kazi saa ambazo hazikulipwa kwa sababu mwajiri aliwatishia kuripoti visa zao. Hawakuwaambia wazazi wao, na sababu waliyoitoa ilikuwa ileile: wataniambia si tulikuambia, umekwenda kuosha vizee. Walitapeliwa na wakala, wakanyonywa na mwajiri, na mdomo wao ukafungwa na sisi. Kauli ile ya barazani, inayotolewa kama mzaha, imekuwa ulinzi wa bure kwa kila anayewaibia watoto wetu.

Aibu hiyohiyo ndiyo inayomwacha dada wa kazi bila mkataba. Ikiwa kumlea mzee ni kazi ya aliyeshindwa maisha, basi hakuna sababu ya kumfundisha anayeifanya, wala kumlipa, wala kumuuliza mgongo wake unaendeleaje. Mlezi yuko Leicester analea mama wa mtu. Pesa anayotuma inamlipa dada anayemlea mama yake Tandika. Dada naye ana mama Kondoa, anayelelewa na mdogo wake aliyeachishwa shule. Katika mnyororo huo malipo yanapungua kila unaposhuka, na kila anayeushikilia ni mwanamke au msichana aliyeambiwa kwamba anachofanya si kazi.

Kwa hiyo, badala ya kuuliza kwa dharau kijana amekwenda kufanya nini, familia iulize mambo yanayomlinda. Tangu 22 Julai 2025 Uingereza imeacha kuajiri walezi wapya moja kwa moja kutoka nje ya nchi. Wakala anayekuja leo na nafasi ya ulezi huko anauza kitu kisichokuwepo, na apelekwe polisi. Kwa aliyeko huko tayari, aulizwe mkataba wake unasemaje kuhusu saa, malipo ya ugonjwa na mdhamini. Na nyumbani, aliyemkabidhi mama yake kwa dada wa kazi ampe mkataba wa maandishi, amwongezee mshahara kwa kazi iliyoongezeka, ampe siku ya kupumzika, na ampeleke zahanati akaonyeshwe na muuguzi jinsi ya kumgeuza mgonjwa na kumlisha akiwa ameketi. Mafunzo hayo ya mwanzo ni ya asubuhi moja. Yafanyike wiki hii, kabla kidonda hakijaanza.